Nahar Singh na Chumvi ya Siku ya Maghi

Nianze na hili kabla mtu hajaniletea ubishi: dengu ya langar, chakula cha bure cha gurudwara, hekalu letu Masikh, haionjwi. Hata kwa ncha ya ulimi. Mpaka isomewe dua na upanga mdogo uiguse, hiyo ni ya Guru, na wewe mpishi ni mkono tu. Ukitaka kuonja nenda hotelini, kaonje mpaka ushibe. Sasa kama huonji, utajuaje chumvi imekolea? Na unapikia watu wanaojaa uwanja?

Hapo ndipo Baba Mkubwa wangu Nahar Singh alipokuwa mfalme.

Alikuwa anarusha chumvi kwa kiganja, anakoroga, halafu anainama juu ya sufuria mpaka kilemba kinalowa mvuke. Ananusa. Jiko zima linanyamaza, hata kina mama wa chapati wanaacha umbeya. Anainuka, anasema "bado" au "basi". Akisema basi, ni basi, na hakuna aliyewahi kumkamata na kosa. Najua chumvi haina harufu, msinisomeshe. Yeye mwenyewe alikuwa anasema, "Siinusi chumvi, nainusa dengu. Dengu isiyo na chumvi inanukia kama watu wanaogombana chumbani. Ikipata chumvi yake, inatulia."

Hakuzaliwa mpishi. Alizaliwa kijiji cha pamba, nje kidogo ya Muktsar, na miaka yake yote ya ujana aliimalizia kwenye lori. Alibeba pamba mpaka Mumbai, akabeba machungwa mpaka Kolkata, na lori lake alilichora tai mbavuni na pindo za hariri nyeusi mbele ili husuda isimpate. Halafu jicho la kushoto likaingia ukungu na leseni ikakataliwa. Basi akakaa nyumbani msimu mzima akigombana na kuku.

Mama Mkubwa Chindo, mke wake, alivumilia weee, mwisho akamwambia, "Nenda gurudwara. Huko kuna maelfu ya watu wa kuwagombeza. Hapa niko peke yangu."

Akaenda. Wakampa vitunguu. Alimenya vitunguu mpaka jicho bovu likalia kama jicho zima. Wakampandisha kwenye kuni, kutoka kuni kwenye chapati, ambako kina mama walimfukuza kwa kujifanya bosi, na mwisho akafika kwenye mwiko wenyewe, ule mrefu kama kasia, na sufuria ambayo mtu mzima anaweza kuogea ndani. Akaushika kama usukani. Hakuuachia tena.

Hata nyumbani alikataa kuonja. Anapika, ananusa, anapakua. Mama Mkubwa anasema, "Nahar, hii ni nyumba yangu, si ya Guru. Onja, bwana, utakufa?" Yeye anasema mkono ukizoea ujanja nyumbani, utaupeleka kazini.

Na tukiwa tunamenya mbaazi, sisi vijana wa kujitolea, alikuwa anatusimulia habari za pale tulipokaa. Kila mtu Muktsar anazijua, lakini yeye alizisimulia kidereva.

"Hapa palikuwa bwawa tu," anasema. "Khidrana. Maji pekee kwenye nchi kavu yote hii. Sasa wale arobaini walikuwa na Guru wetu ngomeni kule Anandpur, wamezingirwa na jeshi la mfalme, njaa imewakaba, wanakula majani. Wakachoka. Guru akawaambia, mnataka kwenda? Nendeni, ila niandikieni kwamba mimi si Guru wenu na nyinyi si Masikh wangu. Na wakaandika! Wakatia sahihi! Walikuwa wanaume kama wewe, Jashan. Mdomo mrefu, tumbo fupi."

"Baba Mkubwa, usinianze," nikamwambia.

"Walipofika nyumbani, wake zao wakawafungia milango. Mwanamke mmoja, Mama Bhago, akafunga kilemba, akapanda farasi, akawaambia, vaeni bangili zetu mkae na watoto, sisi tunakwenda kupigana. Aibu ikawarudisha barabarani. Wakalikuta jeshi linamfukuza Guru, wakalizuia hapa, kwenye maji. Walitandika mashuka yao juu ya vichaka yaonekane mahema, adui adhani ni jeshi kubwa. Wakapigana mpaka wakaisha. Jeshi likakosa maji, likageuza. Guru akashuka kutoka kwenye kile kilima cha Tibbi, akamkuta mmoja bado anapumua, Mahan Singh. Akamwuliza, unataka nini? Ufalme? Akasema, chana ile karatasi."

Hapo Baba Mkubwa alikuwa anajifanya anatafuta mbaazi iliyoanguka.

"Akaichana. Alikuwa ametembea nayo mfukoni muda wote ule, njaa, vita, watoto wake wameuawa, na karatasi ya watu waliomkana bado anayo. Basi bwawa likaitwa Muktsar, bwawa la waliofunguliwa. Haya, menyeni mbaazi, mnanitazama nini?"

Kwa hiyo mkiona Januari watu wanamiminika hapa kwenye ukungu, wanaoga maji ya barafu, wanakwenda Tibbi, wanalipiga viatu kaburi la jasusi mmoja aliyetaka kumshambulia Guru akiwa anapiga mswaki, mjue ni kwa ajili ya hao arobaini. Hiyo ndiyo Maghi. Na wote hao wanakula kwetu.

Sasa msiba wenyewe. Kabla ya baridi kuanza, Baba Mkubwa alishikwa na homa kali. Ikaisha, akarudi jikoni na kikohozi, anachekacheka. Hakumwambia mtu kwamba homa imeondoka na pua yake. Harufu zote zilikufa. Kitunguu, moshi, samadi ya nyati, hakuna kitu. Alidhani itarudi, akasubiri, haikurudi, na kila siku alirusha chumvi, akainama, akanusa hewa tupu, akasema "basi" kwa sauti ileile ya kiaskari.

Mama Mkubwa aligundua kwanza. Maziwa yaliungua jikoni kwake mpaka majirani wakaja, yeye amekaa kando ya moto anasoma gazeti. Akamwuliza, akakana, akamwuliza tena, akakiri.

"Basi waambie," akasema Mama Mkubwa.

"Wataniondoa kwenye mwiko."

"Wakikuondoa?"

"Chindo, mimi nimeshanyang'anywa usukani mara moja. Wakinichukulia huu wa pili, nitarudi kwa kuku. Sitauvuka mwaka."

Mama Mkubwa ana maneno ya kila kitu, lakini hapo aliinuka akaenda kusugua sufuria ya maziwa.

Wa pili kujua ni Bikkar, msaidizi wake wa mwiko, jamaa mpole, mwili kama mlango wa ghala. Cheche iliruka kutoka kwenye kuni ikatua kwenye ncha ya ndevu za Baba Mkubwa. Nywele zikaungua. Ndevu, jamani! Sikh anaweza kusahau jina lake lakini ndevu zake hazisahau. Jiko zima likanuka nywele, watu wakageuka wanatafuta ni nani, na mwenye ndevu anaendelea kukoroga anapiga mluzi. Bikkar akazizima kwa kiganja, akasema, "Mzee, kulikuwa na nzi," na hakumwambia mtu yeyote.

Mimi sikujua kitu. Mimi nilijua tu kwamba dengu imeanza kupooza na watu wameanza kunong'ona. Nilisikia jamaa mmoja kwenye foleni ya sinia anasema, "Siku hizi ni maji ya moto yenye rangi," nikamshika ukosi, wakatuachanisha. Msimamizi wa jiko naye akasikia minong'ono. Akamwita Baba Mkubwa pembeni, kwa heshima, akamwambia, "Nahar Singh ji, Maghi hii sote tunakutazama wewe. Ikienda vizuri, vizuri. Isipokwenda, mwiko tumpe Bikkar, wewe upumzike. Hakuna ubaya."

Kwa hiyo mnaelewa ile asubuhi ya Maghi ilikuwaje. Ukungu mpaka huoni mlango wa jirani. Matrekta yamejaa njia, farasi wa Wanihang, wale wapiganaji wa Kisikh, na vilemba vyao vya buluu kama minara, miwa inakamuliwa, spika zinaimba, na Baba Mkubwa yuko jikoni tangu kuku hawajawika, amefunga kilemba kipya.

Alitia chumvi. Alikuwa amesikia maneno ya watu kwamba dengu imepooza, basi akasema safari hii hapana, akaongeza viganja juu ya kipimo chake cha zamani. Akainama, akanusa hewa tupu. "Basi!" Akaenda kuosha uso.

Alipotoka tu, Bikkar akatazama kulia na kushoto. Mzee amenusa nini huyu, wakati hanusi? Itakuwa imepooza tena, na leo watamtoa. Akachota bakuli, akamimina, akakoroga haraka haraka mwenyewe anaomba msamaha.

Bikkar akaenda kuleta kuni. Mama Mkubwa akaja kutoka upande wa chapati, chumvi ameifunga kwenye ncha ya mtandio kama mtu anayeiba peremende. Amefikiria hivyohivyo. Akafungua fundo, akamwaga yote.

Na hakuna aliyeonja, maana haionjwi! Mahali pengine popote duniani mmoja wao angetia kidole mdomoni na mambo yangeishia hapo. Kwetu ilisomwa dua, upanga ukagusa, na sisi vijana tukajaza ndoo tukatoka mbio.

Mimi nilikuwa na ndoo ya dengu safu ya kwanza. Watu wamekaa chini kwenye mikeka, tajiri na mwombaji bega kwa bega, napita na upawa nikiita, "Dengu! Dengu ji!" Nikafika mwisho wa safu, nikageuka. Kimya. Kuna kimya cha kushiba na kuna kimya cha mtu aliyekanyagwa kidole. Bibi mmoja wa kijijini alikuwa amefumba macho, anatafuna chapati, machozi yanamshuka. Nikadhani ni imani.

"Maji, mwanangu," akasema.

Jirani yake naye: "Maji."

Halafu safu nzima, kama kwaya: maji, maji, maji huku. Kijana wa maji alikuwa anakimbia kama anazima moto. Lakini mtu kulalamika? Hakuna! Kwenye nyumba ya Guru unachopewa ni baraka, unakila. Walikuwa wanakila huku wanatetemeka. Katoto kamoja tu kakasema kwa nguvu, "Mama, chumvi!" na mama yake akakaziba mdomo kwa kipande cha chapati.

Nikachovya kidole. Wahe Guru! Ulimi ulijikunja kama jani kavu.

Nikakimbia jikoni. "Nani katia chumvi? Nani? Namtaka sasa hivi!"

Baba Mkubwa akanitazama. Akachukua upawa, akachota, akanywa. Ilikuwa mara ya kwanza maishani nimemwona anakunywa dengu kutoka kwenye sufuria. Pua ilikufa lakini ulimi bado ulikuwa mzima. Uso wake ukabadilika taratibu, kama mtu anayesoma habari mbaya.

"Hii si yangu peke yangu," akasema. "Nani mwingine?"

Bikkar akatazama miguu yake. "Mimi, mzee. Bakuli moja."

"Bakuli!"

"Lilijaa."

"Na mimi," akasema Mama Mkubwa, kidevu juu. "Fundo moja la mtandio. Na usinipigie kelele, Nahar, nilikuwa nakuokoa."

"Kwa hiyo jiko lote linajua pua yangu imekufa?"

"Mimi sikujua!" nikasema.

"Wewe huhesabiki."

Bikkar akamsogelea, akashusha sauti. "Mzee, sikiliza. Hawalalamiki. Hakuna atakayelalamika. Zile sufuria mbili za jioni zimeiva na hazijatiwa chumvi. Tunachanganya sasa hivi, safu ya pili wanakula vizuri, na ya kwanza ndiyo hiyo imeshanyamaza. Msimamizi yuko getini na wageni. Nani atajua?"

Na alisema kweli. Ingepita. Mimi mwenyewe nilishaanza kushika mpini wa sufuria. Baba Mkubwa alisimama pale, ndevu zake za ncha iliyoungua zimelowa mvuke, na ninaapa nilimwona anataka. Alitaka sana. Alishika mwiko kwa mikono miwili kama mtu anayeshika mlingoti.

Halafu akauegemeza ukutani.

"Changanyeni," akasema. "Hiyo ni sawa, watu wapate kula. Ila wale pale wanakula uongo wangu na wanaushukuru."

Akatoka. Nikamfuata na ndoo yangu, nimekasirika, sijui namkasirikia nani. Alisimama mbele ya safu ya kwanza, akakunja mikono, na dereva yule mwenye sauti ya kushinda honi akaongea kwa shida.

"Ndugu zangu, dengu mnayokula imeharibika. Nimeiharibu mimi. Sinusi kitu tangu kabla ya baridi, na nimeficha kwa sababu nilitaka kubaki na mwiko. Wengine wametia chumvi kwa kunifichia. Nisameheni."

Yule bibi wa machozi akashusha pumzi ndefu.

"Kumbe ni dengu!" akasema. "Mimi nilidhani ni dhambi zangu."

"Hata mimi," akasema mzee wa pili. "Nilikuwa nimeanza kutubu. Nimeshafika kwenye mambo ya ujana."

"Endelea tu kutubu, babu," mtu akasema kutoka nyuma, "usiishie njiani!"

Safu nzima ikalipuka. Watu walicheka mpaka maji yakawatoka puani. Yule bibi akasukuma sinia yake mbele akaniambia, "Leta iliyo nzuri, wewe kijana, na usinitazame hivyo, sijakukosea."

Baba Mkubwa hakucheka. Jioni, watu walipopungua, alikwenda mwenyewe mbele ya Watano, wale wanaokaa kuamua makosa ya Masikh, akaomba adhabu. Mimi nilisimama mlangoni. Walimsikiliza mpaka mwisho. Mkubwa wao akasema, "Chumvi si kosa. Mkono wa kila mtu huteleza. Kosa ni kuficha." Wakampa viatu. Akae kwenye banda la viatu, apokee viatu vya waumini, avifute vumbi, avirudishe, mpaka ngano ivunwe. Mwiko apewe Bikkar.

Nilitaka kuingia niwaambie maneno. Mpaka ngano! Mzee wa umri ule, kwa chumvi! Baba Mkubwa alinikuta nje nimekunja ngumi.

"Fungua hiyo mikono. Nimeomba mwenyewe."

"Uliomba adhabu, hukuomba kudhalilishwa."

"Kwani kufuta viatu vya watu ni kudhalilishwa?" akasema. "Kumbe wewe hata hujui unakaa mji gani."

Akaenda kwenye viatu. Na hapa ndipo watu walipoanza kumcheka na kumwonea wivu kwa pamoja, maana kwa kazi ile, pua iliyokufa ni neema. Wenzake wamefunga leso usoni, yeye anapiga mluzi. Viatu vya wafugaji wa nyati, viatu vya madereva waliokaa navyo siku tatu, buti za Wanihang zenye historia ndefu kuliko ya mji, vyote anavipokea kama maua. Mama Mkubwa alikuwa anamletea chai na kumwambia, "Huku ndiko Guru alikokuwa anakuandaa, mume wangu. Vitunguu vilikuwa mafunzo tu."

Lakini jioni alikuwa anachukua njia ndefu kurudi nyumbani ili asipite jikoni. Hilo nililiona, sikulisema.

Haradali ikachanua, ikakauka. Asubuhi moja naegesha pikipiki nje ya banda, nikasikia ukelele. Baba Mkubwa anatoka mbio, miguu peku, ameshika kiatu kimoja cha ngozi, kizee, kimeoza kabisa, anakikumbatia. Nyuma yake mkulima mmoja mrefu anakuja kwa kuchechemea.

"Kiatu chako hiki?" Baba Mkubwa anamfokea.

"Changu! Una tatizo gani nacho?"

"Kinanuka!"

"Unanitukana mbele ya nyumba ya Guru?"

"Kinanuka, ndugu yangu! Kinanuka kama maiti ya ng'ombe! Mungu akupe miaka mia!" Na akakibusu. Mkulima alitaka kumpiga, ikabidi niingie katikati, na kwa mara ya kwanza nilikuwa mimi ndiye natuliza ugomvi. Tulipomweleza, mkulima akakaa chini akacheka, akamvulia na cha pili, "Chukua, nusa na hiki, usije ukasema nimekubania."

Habari ikafika jikoni kabla yetu. Bikkar akatoka na mwiko mkononi, umelowa dengu, akamnyooshea. "Chukua, mzee. Pua imerudi. Mimi nimechoka kuogopa kila siku."

Baba Mkubwa aliutazama ule mwiko kama mtu wa funga anavyotazama sahani. "Ngano bado iko shambani," akasema, akarudi kwenye banda. Na sasa ndiyo akaijua kazi. Alifunga leso, akaongeza ya pili juu, akawa analalamika mchana kutwa, "Watu hawa hawaogi miguu? Wanatembelea wapi, tumboni mwa nyati?" Mama Mkubwa akamletea karafuu za kuchomeka puani. Hakuruka hata siku moja.

Mavuno yalipofika, asubuhi ya kwanza mashine zimeshaingia mashambani, Bikkar alikuja bandani. Amevaa nguo safi, hana mwiko. Akavua viatu vyake, akaviweka kwenye rafu kama muumini yeyote, halafu akapanda akakaa kwenye benchi pembeni ya Baba Mkubwa na kuchukua kitambaa.

"Sogea, mzee."

"Unafanya nini?"

"Na mimi nilificha. Bakuli zima. Nimekwenda mwenyewe kwa Watano jana." Akachukua kiatu, akakinusa kwa bahati mbaya, akafumba macho. "Mama Chindo amesema yeye anaanza zamu kesho, upande wa wanawake."

Baba Mkubwa akaweka chini kiatu alichokuwa anakifuta. "Na sufuria?"

"Iko motoni. Haina mtu."

"Haina mtu! Inashika chini, wewe mwendawazimu!"

Akateremka benchi. Kwenye bomba la nje alinawa mikono mpaka viwikoni, akasugua kwa majivu, akasuuza, akasugua tena, huku anamtukana Bikkar kwa sauti mpaka waumini waliokuwa wanavua viatu wakawa wanageuka. Halafu akakaza kilemba chake na kwenda jikoni, akipita ile njia fupi.